Wizara ya Majibu na Ukurasa Uliosema Kila Kitu

Kuna nchi moja ambayo jina lake halitatajwa hapa. Si kwa woga. Ni kwa sababu wenyewe, wakiulizwa, watalitaja bila kuombwa mara mbili, na pamoja nalo watataja idadi ya askari walioko mpakani, saa wanazobadilishana zamu, na mahali ambapo uzio umelala. Watu wa nchi hiyo hawana siri. Wamekatazwa na sheria.

Sheria yenyewe huitwa Sheria ya Sababu Kamili, na chanzo chake kinaeleweka. Kabla ya uhuru nchi ilitawaliwa kwa miaka arobaini na watu wenye jibu moja kwa kila ombi: haiwezekani. Ukiomba kibali cha kuchimba kisima, haiwezekani. Ukiuliza kwa nini, hilo nalo haliwezekani. Baba Mwasisi, ambaye aliwahi kunyimwa cheti chake cha kuzaliwa mara kumi na moja bila kuambiwa sababu, aliapa kwamba chini ya bendera mpya hakuna mwananchi atakayerudishwa nyumbani na jibu fupi. Kifungu cha kwanza kinasema hivi: mtumishi wa umma akishindwa kumhudumia mwananchi, atamweleza sababu yote, mpaka mwisho wake, bila kubakiza.

Ni sheria nzuri, na tofauti na sheria nyingi nzuri, hii inatekelezwa. Mwananchi akifika dirishani, karani humwambia kwa upole: "Cheti chako kipo tayari, mama, ila kimefungiwa kabatini. Ufunguo anao Bwana Mshamu. Bwana Mshamu hayupo, amekwenda kwa mke mdogo, ambaye mke mkubwa hana habari naye, nyumba ya nne nyuma ya kiwanda cha sabuni. Ufunguo wa akiba uko chini ya chungu cha maua, lakini mimi siruhusiwi kuugusa." Mama huondoka bila cheti, uso umechangamka. Kabla ya saa tisa alasiri mke mkubwa huwa ameshafika nyuma ya kiwanda cha sabuni.

Huduma zilipohamishiwa kwenye mtandao, Wizara ya Majibu ilihakikisha kwamba mashine nazo zinaitii sheria. Hapa inafaa kueleza jambo dogo la kiufundi. Programu ya tovuti, wakati bado inajengwa, huwa na swichi maalumu. Swichi ikiwa imewashwa, programu ikikwama humwaga matumbo yake yote kwenye skrini: mafaili yake, njia zake, funguo zake. Hiyo humsaidia fundi kuona palipoharibika. Ujenzi ukiisha, fundi huizima. Kuanzia hapo mgeni huona maneno mawili matatu ya kuomba radhi, na matumbo huandikwa kwenye daftari la ndani ambalo fundi pekee hulisoma. Ndivyo inavyofanyika duniani. Katika nchi hiyo swichi iliachwa imewashwa kwa azimio la Baraza la Mawaziri, na sherehe ya kutoizima ilihudhuriwa na mabalozi.

Aliyekabidhiwa seva, mashine zinazobeba tovuti hiyo, aliitwa Saumu Mligo. Alikuwa na miaka thelathini na minne, elimu nzuri, na tabia ya kutoamini kitu mpaka akipime mara mbili. Alikuwa pia mwanamke wa maneno machache, jambo ambalo katika utumishi wa umma wa nchi hiyo lilikaribia utovu wa nidhamu. Fomu yake ya tathmini iliandikwa yale yale kila mwaka: "Kazi anaifanya vizuri. Hasemi vya kutosha."

Jumanne moja asubuhi simu ya chumba namba tisa, chumba cha seva alimofanyia kazi Saumu, ililia.

"Hapo ni Wizara ya Majibu?"

"Ndiyo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba, binti yangu. Mimi Ndaro, mfugaji wa Mbugakuu. Nimepiga kushukuru."

Hakuna mtu aliyewahi kupiga simu chumba namba tisa kushukuru. Saumu alichukua kalamu.

"Niliomba kitambulisho kipya," Mzee Ndaro aliendelea, "nikaambatisha picha. Mtandao ukanijibu vizuri ajabu. Kurasa nne! Ngoja nivae miwani nikusomee. 'Samahani sana ndugu mwananchi. Ombi lako limekwama katika mstari wa mia mbili na kumi na mbili wa faili liitwalo Pokea Picha, kwa kuwa picha uliyoleta ni kubwa mno.' Hapo kosa ni langu, nilipiga picha pamoja na ng'ombe wote. 'Faili hilo limo katika seva ya chumba namba tisa, ambayo programu zake hazijafanyiwa marekebisho kwa miaka sita. Wakati wa kukwama, seva ilikuwa imefungua hifadhidata ya wananchi kwa jina la mtumiaji Mkuu na nenosiri Mtindi Baridi.' Binti, hili nenosiri ni la nini?"

"Mzee, nakuomba sana usilitumie."

"Nimeshalitumia."

Saumu aliweka kalamu chini. "Kufanya nini?"

"Niliona mna kazi nyingi. Nikaingia mwenyewe, nikaweka picha, nikarekebisha na mwaka wangu wa kuzaliwa, ulikosewa tangu enzi zile za haiwezekani. Halafu jirani yangu Mama Sikudhani nikamrekebishia jina la baba. Basi hapo tumewapunguzia foleni ya watu wawili."

"Kuna kingine ulichofungua?"

"Hapana. Niliona kama mlango mwingine, umeandikwa Malalamiko ya Siri. Sikufungua, nina adabu zangu. Lakini nakuambia kama mtu anayefuga: huo mlango hauna komeo."

Saumu alimshukuru, akakata simu, akakaa dakika nzima akiutazama ukuta. Kwa mtu wa tabia yake, hicho kilikuwa kilio.

Malalamiko ya Siri ndiyo siri pekee iliyoruhusiwa katika nchi hiyo. Baba Mwasisi aliiacha kwa makusudi: yeyote aliyeonewa na mkubwa angeweza kumshitaki, jina la mshitaki lingeandikwa kwa ajili ya uchunguzi, na lisingeonyeshwa kwa mtu. Orodha ilikuwa na majina elfu nne mia moja na kumi na mawili. Kulikuwa na muuguzi aliyemtaja mganga mkuu. Kulikuwa na askari aliyemtaja kamanda wake, na mwalimu aliyemtaja mkuu wa wilaya. Na kulikuwa na malalamiko namba kumi na saba ya mwaka huo, yaliyoandikwa na Saumu Mligo, chumba namba tisa, dhidi ya Mkurugenzi wake, Bwana Pazi Lukindo.

Malalamiko hayo yalikuwa na mistari minne na vipimo vya halijoto. Yalieleza kwamba Mkurugenzi huhifadhi vibuyu vya mtindi katika chumba cha seva kwa sababu ndicho chumba chenye ubaridi wa kuaminika katika wizara nzima. Kwamba vibuyu ni ishirini na sita. Kwamba viwili vimeshapasuka juu ya mashine. Na kwamba nenosiri la seva lilichaguliwa na yeye mwenyewe siku aliyoonja akaridhika. Wachunguzi walimwandikia Mkurugenzi ajieleze. Tangu hapo Bwana Lukindo alikuwa ametangaza mbele ya wafanyakazi wote kwamba akimjua aliyemsema, atamhamishia Kituo cha Taifa cha Kuhesabu Korongo, kilichoko kando ya ziwa ambalo korongo walilihama miaka ishirini iliyopita. Mtu aliyepelekwa huko mwisho bado anahesabu.

Jambo la kwanza Saumu alilofanya ni kulikagua daftari la ndani la seva. Lilionyesha kwamba mlango wa malalamiko haujafunguliwa na mgeni yeyote. Bado. Jambo la pili, alibadilisha nenosiri. Jambo la tatu, kwa kuwa alipima kila kitu mara mbili, aliomba kitambulisho kwa picha kubwa kupita kiasi. Ukurasa ukajibu kwa heshima zote: "Samahani sana ndugu mwananchi," ukaeleza yote ya mwanzo, kisha ukamalizia, "Nenosiri hili ni jipya. Limebadilishwa leo saa nne na robo asubuhi na Saumu Mligo. La zamani lilikuwa Mtindi Baridi. Tunaomba radhi kwa walioanza kulizoea."

Dawa ilikuwa moja: kuizima swichi. Kazi yenyewe ni kubadilisha neno moja katika mstari mmoja. Lakini kulibadilisha bila kibali cha maandishi lilikuwa kosa la Kumfupishia Mwananchi, kifungo miaka saba, na hukumu yake husomwa kwa siku tatu kwa kuwa nayo hutolewa na sababu kamili. Saumu alichukua fomu ya kibali akapanda ghorofa ya tatu.

Bwana Lukindo alikuwa mezani, bakuli mbele yake, kijiko mkononi. Kompyuta yake ilikuwa pembeni, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, kama redio ya sebuleni. Ilikuwa haijafunuliwa tangu iletwe.

"Karibu, Bi Saumu. Utaonja?"

"Asante, Mkurugenzi. Nimekuja kuomba saini." Akamweleza, kwa sentensi tano.

"Yaani unataka mashine imwambie mwananchi haiwezekani?"

"Nataka imwambie kuna hitilafu, tunaishughulikia, na impe namba ya kumbukumbu. Sababu nitaisoma mimi kwenye daftari, nitengeneze kilichoharibika."

"Na mwananchi abaki hivi hivi, gizani?"

"Mwananchi anataka kitambulisho, Mkurugenzi. Nenosiri letu halimsaidii."

"Maneno hayo," Bwana Lukindo alisema kwa huzuni, "niliyasikia mara ya mwisho kutoka kwa wale tuliowafukuza." Alichota kijiko kingine. Kisha kijiko kikasimama hewani. "Huyo mzee wako wa ng'ombe. Umesema aliuona mlango wa malalamiko?"

"Aliuona."

"Na mtu mwenye nenosiri anaweza kuufungua? Mtu yeyote?"

Saumu aliamini ukweli kuliko kitu chochote, na aliulizwa swali lenye jibu. "Yeyote," alisema. Neno lilipokwisha kumtoka ndipo alipoona alichofanya.

Bwana Lukindo alikiweka kijiko chini taratibu sana. "Hili ni zito," alisema huku akitabasamu kama mtu aliyeletewa barua ya posa. "Lipeleke kwenye kamati."

Mchana ule ule alijiandikisha darasa la kompyuta.

Kuanzia hapo mambo mawili yalikwenda sambamba katika jengo la wizara: kibali cha Saumu na elimu ya Mkurugenzi. Jumatano asubuhi kibali kilipokelewa na Kamati ya Kudumu ya Mashauri ya Muda. Jumatano asubuhi Mkurugenzi alijifunza kuondoa kitambaa. Mchana alijifunza kuiwasha, na wafanyakazi wa ghorofa ya tatu walimsikia akisema kwa sauti, "Kumbe ina taa!"

Kamati ilikaa watu kumi na wanane. Mwenyekiti, mzee mwenye sauti nene na tai fupi, alifungua kikao kwa dakika hamsini.

"Waheshimiwa wajumbe, tumeambiwa na mtaalamu wetu kwamba ukurasa unasema mno. Nauliza, na nauliza kwa uchungu: kusema mno ni nini? Nani alipima? Je, tunaweza kumwambia mwananchi aliyemwaga jasho kuipigania sababu kwamba leo sababu imekuwa nyingi? Hata hivyo, serikali ni sikivu. Tutasikia, tutatafakari, na tutasikia tena."

Mjumbe mmoja alipendekeza ujumbe uandikwe kwa herufi ndogo sana. Mwingine akasema juu ya ukurasa yawekwe maneno "Tafadhali usisome." Wa tatu, mwanasheria, aliona ni salama zaidi kila mwananchi ale kiapo kabla ya kukwama. Saumu alisimama.

"Waheshimiwa, orodha ina watu elfu nne mia moja na kumi na wawili. Mtu mmoja akilisoma nenosiri na kufungua mlango ule, wote wanajulikana siku hiyo hiyo. Hakuna namna ya kuwarudisha kwenye siri. Naomba neno moja libadilishwe."

"Ni neno gani?" aliuliza mwenyekiti.

"'Washa' liwe 'Zima.'"

Kulikuwa na minong'ono. Neno "zima" halikuwapendeza. Mjumbe mmoja, mama aliyekuwa amekaa karibu na dirisha, akanyoosha mkono. "Mimi mama yangu ana miaka themanini," alisema. "Ukurasa ule anausoma kwa shida. Hilo nenosiri kwa nini lisikolezwe wino?"

Wajumbe wakaafikiana kwa kauli moja. Wakati Saumu akishuka ngazi, nenosiri lilikuwa limeshakolezwa.

Alhamisi Mkurugenzi alijifunza kushika kipanya. Mwalimu wake alisema ana mkono mzito lakini nia ya ajabu. Alhamisi hiyo pia tangazo lilibandikwa ubaoni: Jumamosi, Siku ya Majibu, Mheshimiwa Waziri angeionyesha tovuti uwanja wa taifa, kwenye skrini yenye urefu wa nyumba ya ghorofa mbili. Na ili dunia ione jinsi serikali inavyojieleza, angeikwamisha tovuti kwa makusudi, mbele ya watu elfu thelathini.

"Darasa langu linafika kwenye kuandika wiki ijayo," Bwana Lukindo alimwambia Saumu walipokutana ngazini. Alikuwa mchangamfu kupita siku zote. "Lakini Jumamosi nitakuja na karatasi. Mimi mwenyewe nitanakili. Maandishi yamekolezwa, nasikia."

"Yamekolezwa, Mkurugenzi."

"Namba kumi na saba," alisema, akishuka ngazi huku akiimba kwa chini. "Namba kumi na saba, tutaonana."

Saumu alirudi chumba namba tisa, akakaa katikati ya vibuyu. Alipiga hesabu ya yale aliyokuwa nayo. Kamati ilikuwa imeshatoa uamuzi, na ingekaa tena baada ya miezi mitatu. Mkurugenzi hangesaini. Alibaki mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusaini, naye alikuwa Waziri, Mheshimiwa Daktari Hiza Makoroboi. Waziri alikuwa hajawahi kuuona ukurasa ule, kwa sababu waziri hajazi fomu, na fomu ya waziri haikwami. Kwake ulikuwa ni fahari ya kutajwa kwenye hotuba. Saumu aliona kwamba maelezo hayakosekani kwa Waziri, ameelezwa sana. Kilichokosekana ni kipimo.

Ijumaa asubuhi kulikuwa na majaribio uwanjani. Skrini ilikuwa imesimamishwa upande wa mashariki. Kwenye ngazi za majukwaa mama watatu wafagiaji walikuwa wakikusanya chupa. Waziri alifika na msafara wa magari manane, akapanda jukwaani akiwa na kipaza sauti, Bwana Lukindo nyuma yake na daftari jipya.

Mheshimiwa Makoroboi alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane, kwa mwaka wa tisa mfululizo. Watumishi wa umma wa nchi hiyo hustaafu wakifika sitini.

"Wananchi wenzangu!" aliviambia viti vitupu. "Kuna mataifa ambayo mashine ikikwama inanyamaza. Sisi tumekataa! Sisi mashine yetu ikikwama, ndiyo kwanza inaanza kuongea!" Akamgeukia Saumu. "Hapo ndipo tunaikwamisha, siyo?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Tunahitaji mwananchi wa mfano. Jina, na picha kubwa."

"Tumtumie yule mzee wa ng'ombe," alisema Bwana Lukindo.

"Tunaweza," alisema Saumu. "Au Mheshimiwa mwenyewe. Kwenye majaribio inafaa aone kile hasa ambacho watu wataona."

Waziri alilipenda wazo hilo. "Na picha ipo! Ile yenye mkanda wa bendera. Ile ni kubwa." Picha ikatafutwa. Ilikuwa kubwa kweli. Saumu akajaza jina, akasogea kando, na Waziri mwenyewe akabonyeza kitufe kwa kidole cha shahada.

Skrini ikawa nyeupe. Kisha maandishi yakaanza kushuka, kila herufi urefu wa mtu mzima.

"Samahani sana ndugu mwananchi Hiza Makoroboi. Picha yako ni kubwa mno. Wakati wa kukwama, seva ilikuwa inasoma kumbukumbu zako zifuatazo. Umri: miaka sabini na mbili, kwa mujibu wa cheti halisi. Umri wa pili: miaka hamsini na minane, kwa mujibu wa barua ya mhusika mwenyewe. Elimu: darasa la saba. Shahada ya udaktari: imetafutwa mara tatu, haijapatikana. Seva imefungua kumbukumbu hizi kwa jina la mtumiaji Mkuu na nenosiri..."

Na nenosiri likafuata, limekolezwa. Bwana Lukindo akaanza kunakili kwa bidii, ulimi nje. Alikuwa kwenye herufi ya pili.

Mfagiaji mmoja aliacha ufagio. Alikuwa mama wa miaka kama sitini na tano, na alisoma kwa sauti, taratibu, neno kwa neno, kama watu wanavyosoma kitu kitamu.

"Sabini na mbili," aliwaambia wenzake. "Jamani! Na mimi nilikuwa namsalimia habari yako, kijana." Akajifunga kanga vizuri, akapaza sauti mpaka jukwaani: "Shikamoo, kaka!"

"Marahaba," akajibu Waziri. Lilimtoka lenyewe, kwenye kipaza sauti, na uwanja mzima ukalirudia.

"Shikamoo, babu!" akaongeza mfagiaji mdogo.

"Zima!" Waziri alifoka. "Zima kitu hiki!"

Saumu aliizima skrini. "Hiyo ni skrini, Mheshimiwa. Ukurasa wenyewe bado unasema, kwa yeyote atakayeukwamisha. Kuuzima kunahitaji kibali chako. Ninacho hapa. Kamati haikukiafiki."

"Kamati ni mimi! Kalamu iko wapi?" Kisha akasita, macho yakawa madogo. "Zima ya kwangu tu. Wengine waendelee kuelezwa. Ni haki yao."

"Swichi ni moja, Mheshimiwa. Inazima kwa wote au haizimi kwa yeyote."

"Hakuna ndogo ndogo?"

"Hakuna."

Waziri alitazama ngazi za majukwaa. Wafagiaji watatu walikuwa wamekaa sasa, wametulia, wakingoja. Alitafuta mahali pa kuandikia, akaona hakuna meza. "Lukindo," alisema, "inama."

Mkurugenzi aliinama. Kibali cha kufunga mdomo wa ukurasa kilisainiwa juu ya mgongo wake, kwa mkandamizo mkubwa, na tarehe ikawekwa. Wakati wa kuinama daftari lilimponyoka likaanguka kati ya mbao za jukwaa. Lilikuwa na herufi nne.

Saumu alibadilisha neno moja. Kisha akabadilisha nenosiri, kwa mara ya mwisho, akaweka refu ambalo halikuhusiana na chakula. Kisha akapima. Skrini ilipowashwa tena ilisema: "Samahani. Kuna hitilafu upande wetu. Tunaishughulikia. Kumbukumbu namba moja." Akapima mara ya pili, ikasema vivyo hivyo, ila namba mbili. Kwenye daftari la ndani sababu zote mbili zilikuwemo, ndefu na kamili, zikimngoja mtu wa kuzisoma ili atengeneze. Mlango wa malalamiko ulikuwa umefungwa. Saumu alivuta pumzi ambayo alikuwa hajaivuta tangu Jumanne.

Siku ya Majibu watu elfu thelathini walikuja. Waziri alibonyeza, ukurasa ukajibu kwa mistari miwili. Sauti moja kutoka mbali ikauliza, "Sababu iko wapi?"

"Sababu ipo!" Waziri alinguruma. "Ipo kamili, haijapungua hata nukta! Wanaokuonyesha sababu yako mbele za watu, wewe na jirani yako na mkwe wako, hao hawakuheshimu! Sisi tumeipandisha daraja. Sababu yako sasa inatunzwa. Ina namba! Nani huko nyuma aliwahi kuwa na sababu yenye namba?"

Walipiga makofi. Kusema kweli jambo lenyewe liliwapendeza kadiri siku zilivyopita. Mzee Ndaro alijaribu tena, safari hii akimwombea jirani mwingine, akapata namba arobaini na tatu, akapiga simu, akaambiwa picha ipunguzwe, na la ziada hakuambiwa. "Ndiyo hilo tu nililohitaji kujua," alisema, kidogo kwa mshangao.

Jumamosi hiyo, hata hivyo, kuna mtu mmoja aliyerudi nyumbani hana furaha. Pale jukwaani kulikuwa na viti kumi na viwili vya wakuu, na Waziri, ambaye hakuwa tayari kumwona karibu mtu aliyesikia ile marahaba, aliamuru cha Bwana Lukindo kiondolewe. Mkurugenzi alisimama juani kwa muda wa saa nne. Aliuliza kwa nini mara mbili. Hakuelezwa.

Jumatatu asubuhi mlango wa chumba namba tisa uligongwa, kwa upole ambao haukuwa wa kawaida. Bwana Lukindo aliingia, akafunga mlango, akahakikisha umefungwa. Pua yake ilikuwa imebabuka kwa jua.

"Bi Saumu. Habari za kazi?"

"Nzuri, Mkurugenzi. Shikamoo."

"Marahaba." Alikitazama kibuyu kimoja, akakisogeza ingawa hakikuhitaji kusogezwa. "Yale malalamiko ya siri. Bado yanapokelewa?"

"Yanapokelewa."

"Na mtu hawezi tena kuyafungua akaona nani kaandika? Hata mkubwa?"

"Hawezi."

"Hata mkubwa... mkubwa sana?"

"Hata yeye."

"Umepima?"

"Mara mbili."

Mkurugenzi alivuta kiti mbele ya kompyuta, akakaa, akajipangusa mikono kwenye suruali. Saumu alimfungulia ukurasa wa mlalamikaji namba elfu nne mia moja na kumi na tatu, kisha akageuza kiti chake kuelekea ukutani, kama utaratibu unavyotaka. Nyuma yake alisikia kidole kimoja kikibonyeza, kikisita, kikibonyeza tena. Baada ya muda kidole kilisimama kabisa.

"Bi Saumu," sauti ya Mkurugenzi ilinong'ona, "herufi W iko wapi?"

"Safu ya juu, mkono wa kushoto," alisema Saumu bila kugeuka. "Ya pili."